Chai Inayochanua, na Ua Tulilolifukuza Shambani

Weka kando kikombe chako cha bati. Weka kando themosi pia, na maziwa uyafunike, maana leo hayana kazi. Nitafutie glasi, ile ya kuonekana ndani, isiyo na maua yaliyochorwa. Ioshe, kisha uikaushe kwa kitambaa kisichonuka sabuni. Chemsha maji, yakishachemka yaepue uhesabu pumzi zako ishirini polepole. Sasa mimina, halafu tumbukiza kile kidonge cha majani nilichokupa, ukae chini.

Usikikoroge wala usikiguse. Kaa tu.

Najua vijana wa siku hizi mkiambiwa kukaa mnaona ni adhabu. Lakini chai hii haina njia nyingine. Mwanzoni kidonge kinaelea kama kitu kisicho na habari na wewe. Kinakunywa maji, kinakuwa kizito, kinazama. Halafu majani ya nje yanaanza kujinyoosha moja moja, kama vidole vya mtoto anayeamka, na katikati yake linainuka ua. Ndiyo maana inaitwa chai inayochanua. Watu wa China wameijua zamani. Sisi wa Kericho na Bomet, tuliozaliwa kwenye chai na tunaozikwa kando ya chai, tumeijua juzi.

Mimi naitwa Rael. Wengi wenu mnaniita Kogo, yaani nyanya, na wengine mnanijua kanisani kwa sababu nakaa benchi la mbele nikikohoa wakati wa mahubiri marefu. Nilifanya kazi ya chai miaka thelathini na kidogo, kwanza nikichuma shambani, kisha kiwandani kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Mungu amenipa kustaafu nikiwa na macho na vidole. Kwa hivyo nawaandikia haya kabla hajavichukua.

Kwanza mjue jambo moja kuhusu kazi yetu ya zamani. Ilikuwa kazi ya kuvunja. Tulichuma majani mawili na chipukizi, tukayaleta kiwandani, yakanyauka, halafu yakaingia kwenye mashine yenye meno na kusagwa, kukatwa na kuviringwa mpaka yakawa chembe ndogo kama mchanga wa mtoni. Chai hiyo ni nzuri. Imenisomeshea watoto, na asubuhi siwezi kusali vizuri kabla ya kuinywa. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jani la chai linaweza kufika kwenye kikombe likiwa zima. Ni kama kumjua mtu maisha yote, na siku moja ndiyo unamwona akicheka.

Aliyenifundisha kunyausha alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Arap Bett. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kijivu siku zote, na hakuamini mashine ya kupima unyevu iliyoletwa baadaye. Siku yangu ya kwanza alinipa konzi ya majani.

"Finya," akasema.

Nikafinya.

"Achilia sasa. Yanafanya nini?"

"Yanaruka, mzee."

"Yakiruka bado yana maji. Yakilia kra-kra umechelewa, umeyaua. Yakifunguka polepole kama mkono wa mtu aliyelala, ndiyo tayari. Umesikia, mama? Mkono wa mtu aliyelala."

Nilifinya majani kwa miaka mingi. Usiku nilikuwa nikifinya blanketi. Arap Bett alikufa kabla mashine haijamshinda, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Kabla ya kiwanda, nikiwa bado msichana, nilichuma na rafiki yangu Tabitha. Tulichukua mistari miwili inayopakana ili tuongee. Vidole vya Tabitha vilikuwa na mbio kuliko mdomo wake, na mdomo wake ulikuwa na mbio sana. Nyapara wetu alikuwa na sheria nyingi, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa hii: ua lisiingie kikapuni. Mnajua kwamba mchai ukiachwa bila kuchumwa vizuri unatoa maua, madogo, meupe, yenye manjano katikati. Kwetu ua hilo lilikuwa aibu. Shamba lenye maua ni shamba la mvivu. Kikapu kikikutwa na ua, kilimwagwa chini mbele ya watu wote, ukaanza kuchambua upya ukiwa umepiga magoti.

Tabitha alilipenda ua hilo. Aliling'oa kama tulivyoamriwa, lakini badala ya kulitupa, alilichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu ya sikio.

"Tabitha!" nyapara alipiga kelele. "Toa hiyo takataka kwa kichwa!"

"Umesema isiingie kwa kikapu, bwana nyapara," akamjibu. "Kichwa si kikapu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alienda nyumbani na ua lake. Baadaye, alipopata shamba lake dogo karibu na mto, alipanda michai yake mwenyewe, mche kwa mche, na mimi nikimshikia kamba ya kunyooshea mistari. Tabitha sasa amelala kaburini. Shamba lilibaki na mwanawe Joel, na binti wa Joel ni Chebet, ambaye ndiye aliyenitoa kwenye kiti changu cha kustaafu.

Chebet alisoma chuo kule Kabianga, akarudi nyumbani na cheti. Alikuja kwangu asubuhi moja na simu mkononi, hata salamu akaifupisha.

"Kogo, angalia hii."

Nikavaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na glasi ya maji, na ndani yake ua likifunguka.

"Ni dawa?" nikauliza.

"Ni chai, Kogo! Majani yetu haya haya. Unayashona na uzi, unafunga ua ndani, unakausha. Mgeni akimwaga maji, inachanua mbele yake."

"Na nani atashona?"

Aliangalia mikono yangu. Mtoto mjanja yule.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa mbele yetu, maana halikuwa mchezo. Joel alikuwa amechoka na ile sehemu ya mtoni. Miaka miwili hakuichuma. Alisema michai ya mama yake imezeeka, na mtu anayetaka faida apande mikaratusi. Alikuwa tayari ameongea na vijana wa kung'oa, waje Jumatatu na majembe. Chebet alimwomba siku. Alikuwa amepata mwenye hoteli mjini, Mama Wambui, aliyekubali kuja Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu kuona hiyo chai. Joel alikubali kwa shingo upande.

"Akipenda, tutaongea," alisema. "Akitikisa kichwa, mimi Jumatatu nang'oa, na wewe utafute kazi ya kuandikwa kama watoto wa wengine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Mimi nilikuwa hapo, nikashuhudia. Moyoni nilijua kwamba hakuna aliyeniuliza, lakini ile kamba ya kunyooshea mistari niliishika mimi.

Tulikuwa tumeanza majuma mengi kabla ya Jumamosi hiyo, na hapo ndipo nilipoona kwamba miaka thelathini inaweza kumfanya mtu kuwa mwanafunzi mbaya. Vidole vyangu vilizoea kuvunja karibu na jani. Chai hii inataka ukate chini zaidi, chipukizi na jani lake la kwanza pamoja na kikonyo kirefu, maana ni kwenye kikonyo uzi unashika. Kikapu changu cha kwanza chote kilikuwa kifupi. Chebet alikitazama, akanitazama.

"Kogo, hapa tungefunga na nini, gundi?"

Nikarudi sehemu ya juu ya shamba, ambayo bado inachumwa, kuchuma kama mtoto mdogo, nikijisemea kila mara, "Chini, Rael. Chini."

Ukishachuma, unayapitisha majani kwenye mvuke kidogo tu, kwa sufuria yenye chujio juu yake, ili yasigeuke mekundu. Halafu unayaacha yanyauke kivulini. Hapo nilikuwa mwalimu. Chebet alikuwa na kipimo cha kidijitali alichonunua, anasoma namba. Mimi nilifinya konzi nikaachilia. Yakafunguka kama mkono wa mtu aliyelala. Nikamwambia, "Sasa," naye akaangalia kipimo chake, akakirudisha mfukoni, na sikukiona tena.

Kisha unapanga machipukizi, ncha zote upande mmoja kama penseli kwenye sanduku, unafunga vikonyo kwa uzi wa pamba. Unashona ua katikati. Unayageuza majani yalifunike, unaviringa kwa kitambaa safi, unakaza kama unavyofunga mtoto mgongoni, yaani imara bila kumuumiza. Kinakaukia humo humo kwenye kitambaa.

Kwa ua tulitumia kwanza yale ya rangi ya machungwa ambayo Chebet alipanda kando ya nyumba kutoka kwa mbegu za dukani. Yalikuwa machache, lakini yalitosha kujifunza.

Mimi nilifunga fundo ninalolijua, la mzigo wa kuni. Fundo hilo likibebwa kutoka msituni mpaka nyumbani, halilegei hata ukianguka nao. Tulipotia kidonge changu kwenye maji kilizama, kikakaa. Tukangoja. Tukaimba wimbo mzima wa ibada, beti zote. Kikabaki vile vile, kidogo, cheusi, kigumu.

Joel alipita akichungulia.

"Mama Rael, hii ni ya kunywa ama mbuzi ndiyo imepita hapa?"

Nilimfukuza kwa kitambaa. Lakini niliuona ukweli. Nilikuwa nimefunga kwa kuogopa. Fundo la chai hii ni moja tu, chini kabisa kwenye vikonyo. Majani ya juu yanashikwa na kitambaa wakati wa kukauka, basi, si na uzi. Uzi ukipanda juu, ua linazikwa.

Kosa la pili lilikuwa la nyumba yangu. Nilivitandaza vidonge darini juu ya jiko, mahali pakavu, nikajisifu. Lakini darini kwangu ndipo ninapoweka vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na vibuyu hivyo nimevisugua kwa mkaa wa miti yetu tangu nilipoolewa. Chai, vijana wangu, ni kama mtu mwenye masikio makubwa: kila kinachosemwa karibu naye anakibeba. Tulipoweka maji, ua lilichanua vizuri sana. Chebet akanywa.

"Kogo," akasema polepole, "hii ni mursik ya maji moto."

Tangu siku hiyo chai inakauka kwenye chumba cha Chebet, kisicho na kibuyu, kitunguu wala mafuta ya kujipaka. Hata yeye mwenyewe nilimkataza manukato.

La tatu halikuwa letu. Kidonge cha kwanza kizuri kabisa, kilichofungwa vizuri na kukauka vizuri, Chebet alikiacha juu ya meza kwenye kisahani ili nikione nikitoka kanisani. Nilipofika nilimkuta Joel ameketi ametosheka, na sufuria tupu mbele yake.

"Nimeonja hiyo chai yenu," akasema. "Si mbaya. Nimeichemsha na maziwa na sukari, ikachemka vizuri. Lakini kuna kitu kama kitambaa kilibaki ndani, nikampa kuku."

Chebet aliingia jikoni akafunga mlango. Sikujua kama analia au anacheka. Kumbe yote mawili.

Msimlaumu Joel. Kwetu mgeni akipewa chai isiyo na maziwa, strungi, anaenda kutangaza kwamba nyumba hiyo imefilisika. Ng'ombe wapo, halafu unanipa maji mekundu? Joel alikuwa anaiheshimu ile chai kwa njia aliyoijua.

Sasa nifike kwenye kosa langu mimi, ambalo nimeliungama mbele za Mungu na leo naliungama mbele yenu.

Juma la mwisho yale maua ya machungwa yaliisha. Mvua ya mawe ilipiga kitalu, yakabaki mashina. Chebet akasoma kwenye simu yake kwamba Wachina hutumia ua fulani jeupe lenye manjano katikati, akanionyesha picha. Nikapiga makofi.

"Hilo nalijua! Dada yangu analo shamba zima kule juu ya Chepseon."

"Kweli, Kogo?"

"Mtoto, ningekudanganya?"

Sikumdanganya. Nilimwambia kile nilichokijua, na nilijua nusu. Nilienda kwa dada yangu siku hiyo hiyo, nikarudi na mfuko wa maua yaliyokaushwa vizuri, meupe, mazuri, yamenyooka. Tulishona siku mbili. Tulitengeneza vidonge vingi kuliko siku zote, nikavitandaza kwenye sinia dirishani kwa Chebet, nikaenda kulala nikimshukuru Mungu kwa kuwa na dada.

Jumatano asubuhi Chebet aliniita. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini sana.

Kando ya sinia nzi walikuwa wamelala chali. Wengine walikuwa bado wanazunguka kwa mgongo. Siafu waliokuwa wakipanda dirishani walikuwa wameanguka mstari mmoja, kama askari waliopigwa. Nilitazama nzi, nikatazama maua, nikaelewa. Lile ua la dada yangu ni pareto. Ni jamaa ya lile la Wachina, linafanana nalo, lakini pareto tunalima ili iuzwe kwa watu wa dawa ya wadudu. Nimeijua pareto tangu utotoni. Niliijua shambani, lakini sikuijua kwenye glasi, kwa sababu nilitamani sana iwe kitu kingine.

"Chebet, mwanangu, nisamehe," nikasema. "Ningemuua Mama Wambui."

"Labda si kumuua, Kogo. Lakini asingerudi." Akanishika bega. "Mungu ametutumia nzi."

Tulichimba shimo mbali na mto, tukazika kila kidonge. Nyuzi pia, na vile vitambaa. Tukasugua sinia kwa sabuni na maji moto mara tatu. Nawaambia vijana: usiweke kwenye chai ua usilolijua kwa jina lake na tabia yake. Usiulize macho. Uliza mtu aliyesomea.

Tulipomaliza, Chebet aliketi kwenye ngazi ya mlango, akashika kichwa. Siku tatu zimebaki. Hatuna ua.

Nilienda peke yangu kule mtoni kusali, maana nyumbani niliona aibu. Niliingia kati ya michai ya Tabitha, ile iliyoachwa miaka miwili, imepanda juu ya kichwa changu, na nikapiga magoti. Nilikuwa nimefumba macho nikiomba, nikasikia nyuki. Wengi. Nikajiuliza nyuki wanatafuta nini kwenye chai.

Nikafumbua macho.

Michai yote ya Tabitha ilikuwa imechanua. Maua meupe, yenye manjano katikati, yakiangalia chini kama watoto waliokemewa. Niliyatazama kwa muda. Maisha yangu yote nimelitupa ua hili. Nimewakemea wasichana wadogo kwa ajili yake. Nilishindwa kumalizia sala, au labda ndiyo ilikuwa imemalizika.

Safari hii sikusema "nalijua". Nililipeleka moja kwa Chebet kwenye kiganja, nikamwambia, "Uliza kwanza." Akampigia simu mwalimu wake wa chuo, akamweleza kila kitu, hata pareto, na yule mwalimu akacheka sana, kisha akasema ua la chai linanyweka, ilmradi michai haijapuliziwa dawa. Haikuwa imepuliziwa. Joel alikuwa ameitelekeza kabisa, na siku hiyo nilimshukuru kwa uvivu wake.

Mkilichuma ua la chai, ngojeni umande ukauke lakini msingoje jua kali. Chukueni lililofunguka nusu. Litikiseni kwanza, sisimizi hupenda kulala humo. Likaushwe kivulini mpaka liwe kama karatasi, lisivunjike.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana wote na Ijumaa pia. Nyinyi mnajua mvua yetu. Tulikausha kwa jiko la mkaa lenye moto mdogo, mlango wazi, Chebet akigeuza, mimi nikifinya. Vidonge vingi vilipasuka. Jumamosi asubuhi vilibaki sita vizima, vimetoka kwenye kitambaa saa hiyo hiyo. Hatukujaribu hata kimoja. Hatukuwa na cha kupoteza, nasema kwa maana ile nyingine: tusingeweza kupoteza hata kimoja.

Mama Wambui alikuja na koti jekundu na viatu vya mjini, akazama kwenye tope mpaka kifundo.

"Haiya! Chebet, hii barabara yenu inataka kunioa?"

Joel alimletea maji ya kunawa miguu, akaketi kando karibu na mlango, mikono kifuani. Chebet aliweka glasi nne mezani. Akaepua maji, akahesabu, akamimina. Akatumbukiza.

Vikaelea.

"Sasa?" akauliza Mama Wambui.

"Tunangoja," akasema Chebet.

Joel akakohoa. Vidonge vikazama, kimoja, cha pili, vyote vinne. Vikakaa chini ya glasi. Tukangoja. Nilijiambia uzi uko chini, Rael, uko chini, hukuupandisha. Mama Wambui akaangalia simu yake. Mimi nilitazama tu jani moja la nje, nikakumbuka koti la kijivu la Arap Bett, na nikasema kimoyomoyo: kama mkono wa mtu aliyelala.

Jani likasogea.

Halafu lingine. Halafu yakaja pamoja, marefu, ya kijani yenye manyoya ya fedha, yakajilaza nje kila upande, na kutoka katikati likapanda ua jeupe, likafungua manjano yake, likasimama ndani ya maji.

Mama Wambui aliweka simu mezani kifudifudi.

"Ngai, Mungu wangu," akasema polepole. "Na mimi nawapa wageni themosi."

Akainua glasi kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha, akanusa, akanywa. Hakutikisa kichwa. Alinywa tena.

"Ni tamu bila kitu. Mnaweza kunipa za meza zote?"

Nilitaka kusema ndiyo. Chebet alinitangulia. "Meza mbili kwa sasa, mama. Tukiharakisha tutaharibu."

"Sawa. Meza mbili. Mimi nitawaambia wageni wapigane."

Lakini Joel alikuwa amesimama juu ya glasi yake, ameinama.

"Hii ua imetoka wapi?"

"Kule mtoni," nikamwambia. "Kwa mama yako."

Akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Alikuwa anakuja nayo nyumbani kwa kichwa," akasema. "Hapa, juu ya sikio. Nilidhani ni ya kutuchekesha."

Chebet hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo. Wala mimi sikujua kwamba Joel anaikumbuka. Akaketi, akanywa ile strungi bila maziwa, bila sukari, yeye Joel, mpaka ikabaki chini ua na majani tu. Tukadhani amemaliza. Akaisukuma glasi kwa binti yake.

"Ongeza maji."

Na ndiyo, kidonge kimoja kinaweza kuongezwa maji mara mbili, hata tatu. Ladha inapungua lakini ua haliondoki.

Jumatatu vijana wa majembe walikuja kama walivyoahidiwa, mapema, wakiwa na njaa. Niliwaona kutoka kwangu nikashuka, nikiwa bado na hofu kidogo, maana mtu anaweza kulainika Jumamosi akawa mgumu Jumatatu. Joel alikuwa amefika mtoni kabla yangu. Aliwaonyesha magugu ya kung'oa na michai ya kupunguzwa, akitembea mbele yao kwa fimbo. Alipofika mstari wa mwisho, ule ulio karibu na maji, ule wa kwanza tulioupima mimi na Tabitha kwa kamba, kijana mmoja aliinua panga.

"Huu pia, mzee? Umejaa maua."

"Huo uache," Joel akasema. "Uache utoe maua."